Kabla Hajaacha Fizikia: Mwongozo wa Mwalimu Anayetaka Wasichana wa Shule za Kata Wafike kwenye Fani za Sayansi na Teknolojia

Miaka kadhaa iliyopita msichana wa kidato cha nne alinifuata mezani kwangu akiwa ameshika karatasi aliyonakilia sifa za kujiunga na chuo cha uuguzi. Kazi hiyo alikuwa akiitamani tangu shule ya msingi, na Biolojia alikuwa akiifanya vizuri kuliko wengi darasani kwake. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba bila kufaulu Fizikia hawezi kupokelewa. Ilikuwa kweli. Fizikia alikuwa ameiacha mwishoni mwa kidato cha pili, kwa alama ya vema kwenye fomu iliyozungushwa darasani kwa muda usiozidi dakika kumi, na mimi niliyekuwa mwalimu wake wa somo hilo sikumwuliza lolote.

Tangu siku hiyo nimeamini jambo moja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: wasichana wengi wa shule zetu za kutwa huiacha sayansi kabla hawajajua wanaacha nini. Uamuzi unaowafungia njia hufanyika wakiwa bado wadogo, kwa taarifa chache, mara nyingi kwa kumfuata rafiki au kwa kumkwepa mwalimu mkali. Kazi ya mwalimu anayetaka wafike mbali inaangukia zaidi katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari, na hufanyika kwa daftari, kwa vifaa vya maabara, kwa fomu na kwa kutembelea nyumba za wanafunzi. Ninaandika nikiwa na shule ya sekondari ya kata ya Tanzania akilini, yenye madarasa yaliyojaa na maabara yenye upungufu.

Hatua ya kwanza: hesabu wanafunzi wako

Mwanzoni mwa mwaka chukua rejista za madarasa yote na uandike kwenye ukurasa mmoja idadi ya wasichana na wavulana wanaosoma Fizikia, Kemia na Hisabati katika kila kidato. Karibu nayo weka matokeo ya mtihani wa upimaji wa kidato cha pili wa miaka mitatu iliyopita, nayo yakiwa yametenganishwa kwa jinsi. Zoezi hili huchukua mchana mmoja, na litakuonyesha mahali hasa ambapo shule yako inawapoteza. Ziko shule ambako wasichana hufanya vizuri hadi kidato cha pili kisha nusu yao hutoweka kwenye mkondo wa sayansi kidato cha tatu. Hapo tatizo ni uchaguzi. Ziko nyingine ambako alama zao huporomoka mapema, katika mihula miwili ya kwanza. Hapo tatizo ni lugha au msingi wa Hisabati. Dawa ya shule ya kwanza haitamfaa mwanafunzi wa shule ya pili.

Katika ukurasa huo huo andika majina ya wasichana kumi na watano au ishirini wa kidato cha kwanza na cha pili utakaowafuatilia kwa karibu. Usichague wale wa kwanza darasani peke yao, kwa kuwa hao mara nyingi watafika hata bila wewe. Tafuta walio katikati, wenye alama kati ya 35 na 55, wanaojibu vizuri wakiulizwa ana kwa ana lakini hawanyooshi mkono. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani, alama 30 hadi 44 ni D na 45 hadi 64 ni C, na C ndiyo inayotazamwa kwenye masomo ya tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu, ya kidato cha tano. Mwanafunzi mwenye 38 yuko alama saba tu mbali na mlango huo, na alama saba zinaweza kufundishika ndani ya miezi sita.

Hatua ya pili: vunja ukuta wa lugha

Mtoto aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukutana na Fizikia kwa Kiingereza, somo jipya katika lugha ambayo hajaimudu. Wavulana wanaumia pia, lakini nimeona mara nyingi kwamba mvulana hubahatisha kwa Kiingereza kibovu na kupongezwa kwa ujasiri, ilhali msichana aliyefundishwa nyumbani kwamba kukosea mbele za watu ni aibu hunyamaza, na ukimya wake huandikwa kwenye ripoti kuwa ni uzito wa kuelewa.

Ninachofanya ni hiki. Kila mada mpya huanza kwa dakika kumi za mazungumzo ya Kiswahili kuhusu jambo lenyewe, kisha maneno sita au saba ya Kiingereza huandikwa ubaoni yakiwa na maana zake, na wanafunzi huyaandika kwenye kurasa za mwisho za daftari zao, ambazo ni kamusi yao wenyewe. Baada ya hapo hujadiliana wawili wawili kwa lugha wanayotaka, lakini jibu la mwisho huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo watakavyotahiniwa. Anayeweza kusema kwa Kiswahili sahihi kwamba mchapuko ni badiliko la kasi kwa muda ameshaelewa Fizikia. Kilichobaki ni kumfundisha sentensi.

Zingatia zaidi maneno ambayo maana yake ya mtaani hupingana na ile ya kisayansi. Mfano ninaoupenda ni neno kazi. Msichana anayebeba ndoo ya lita 20 kutoka kisimani anaambiwa darasani kwamba anapotembea mahali tambarare, kani anayoitumia kuishikilia ndoo haifanyi kazi yoyote juu ya ndoo hiyo, kwa kuwa kani inaelekea juu na mwendo unaelekea mbele. Ukiliacha hapo, umemtukana. Ukiendelea, umempatia somo asilolisahau: ndoo hiyo ina tungamo la takriban kilo 20, na kuiinua kutoka ardhini hadi kichwani, kimo cha mita 1.5, ni kazi ya takriban jouli 300. Mwambie akokotoe ni mara ngapi ameinua ndoo wiki hiyo, na jumla yake ni jouli ngapi. Darasa langu lilipofanya hesabu hiyo, wasichana ndio waliokuwa na takwimu, na wavulana waliwasikiliza.

Hatua ya tatu: angalia nani ameshika kifaa

Ingia maabara yoyote wakati wa jaribio la vikundi, usiseme neno, na utazame mikono kwa dakika tano. Mara nyingi mvulana mmoja ameshika bika, mwingine anawasha jiko la spiriti, na msichana mwenye mwandiko mzuri anaandika matokeo. Baada ya miaka minne, yule aliyeandika anakwenda kwenye mtihani wa vitendo akiwa hajawahi kusoma ammita, kipimo cha mkondo wa umeme, kwa macho yake mwenyewe. Hakuna aliyempangia hivyo kwa nia mbaya, na ndiyo maana lazima mwalimu apange kinyume chake kwa makusudi.

Panga vikundi vya watu wanne wenye nafasi nne: anayeshika vifaa, anayesoma vipimo, anayeandika, na anayetoa taarifa mbele ya darasa. Nafasi zibadilike kila kipindi cha vitendo na zibandikwe ukutani, ili asiwepo wa kujitolea kuwa katibu wa kudumu. Katika majaribio ya mwanzo wa mwaka huwa naunda pia vikundi vya wasichana watupu, kisha nawachanganya baada ya wiki nane hivi, mikono yao ikiwa imeshazoea. Wapo walimu wenzangu wanaopinga utengano huo. Nimeujaribu kwa njia zote mbili, na nasimama upande wa kuanza nao.

Ukosefu wa maabara kamili usiwe kisingizio. Funga jiwe dogo kwenye uzi wenye urefu wa sentimita 100 kutoka kwenye fundo hadi katikati ya jiwe, uliachie libembee kwa pembe ndogo, na wanafunzi watapata kwamba mabembeo 10 ya kwenda na kurudi huchukua takriban sekunde 20. Punguza uzi uwe sentimita 25, na muda utashuka hadi takriban sekunde 10. Waulize kwa nini urefu uligawanywa kwa nne na muda ukagawanyika kwa mbili tu, kisha waache wabishane. Maua ya choya yaliyolowekwa kwenye maji ya moto hutoa kiashiria kizuri cha asidi na besi: ukitia ndimu maji hubaki mekundu, na ukitia magadi rangi hugeuka kuelekea kijani. Tone la iodini kutoka duka la dawa, likidondoshwa juu ya kipande cha muhogo, hugeuka buluu iliyokolea hadi weusi na kuonyesha wanga. Majaribio haya yana faida ambayo vifaa vya kununua havina: msichana anaweza kuyarudia jikoni kwao jioni, mbele ya wadogo zake, na nyumbani wakaanza kumwona kuwa mtu wa sayansi.

Hatua ya nne: linda maswali yao

Kila Mtanzania anayefundisha sayansi anapaswa kuijua kwa undani habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, aliweka mchanganyiko wa barafu ya maziwa kwenye jokofu ungali wa moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa kabisa. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye darasani swali lake likafanywa kichekesho: kila alipokosea, ikasemwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakuliacha. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa amekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wengine walicheka, lakini mgeni huyo alirudi chuoni na kuagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia duniani wanabishana kuhusu kile kinachoitwa athari ya Mpemba.

Ninapowasimulia walimu wapya habari hii, huwaomba wafikirie kitu kimoja. Mpemba alikuwa na ukaidi wa kustahimili miaka ya kuchekwa. Kama mwenye swali lile angekuwa msichana wa kidato cha kwanza aliyefundishwa kutojibizana na wakubwa, swali lingekufa siku ile ile, na hakuna ambaye angejua kwamba liliwahi kuulizwa.

Weka basi taratibu za kulinda maswali. Baada ya kuuliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumteua mtu. Mikono ya mwanzo ni ya wale wale kila siku. Andika majina yote kwenye vijiti au vipande vya karatasi uvichomoe bila kuchagua, ili kuitwa kusiwe adhabu wala upendeleo. Weka sanduku la maswali yasiyo na jina, ulifungue kila Ijumaa, na ukikutana na swali usilolijua sema kwamba hulijui, kisha panga pamoja nao namna ya kulijaribu. Kicheko cha darasa juu ya jibu la mtu kikatazwe tangu wiki ya kwanza kwa ukali ule ule unaokataza wizi.

Hatua ya tano: wiki sita kabla ya fomu

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote, na kama nguvu zako ni chache, zimalizie hapa. Katika shule nyingi uchaguzi wa mkondo umekuwa ukifanyika kidato cha pili kinapoisha. Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, umeleta pia mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, unaoanzia kidato cha kwanza, kwa hiyo katika baadhi ya shule uamuzi huja mapema zaidi. Ulizia kwa mwalimu wa taaluma wa shule yako tarehe kamili ya fomu, rudi nyuma wiki sita, na uanze hapo.

Wiki ya kwanza na ya pili, bandika ubaoni kazi ambazo wanafunzi wenyewe wamezitaja, na kando ya kila moja masomo inayoyadai. Usiishie kwenye udaktari na urubani. Weka muuguzi, mkunga, mteknolojia wa maabara, mfamasia, fundi sanifu wa umeme, mpima ardhi, mtaalamu wa lishe, afisa kilimo, msanifu wa programu za kompyuta. Tumia mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, wa mwaka husika, kwa sababu sifa hubadilika na kumbukumbu ya mwalimu si chanzo cha kuaminika. Wanafunzi wangu hushtuka kila mwaka wanapoona kwamba stashahada ya uuguzi na ukunga, inayopendwa na wasichana kuliko kozi nyingine, imekuwa ikidai ufaulu wa kidato cha nne katika Biolojia, Kemia na Fizikia kwa pamoja. Hapo ndipo wanapofahamu kwamba kuacha Fizikia kunafunga pia kazi ambazo wamezizoea na kuzipenda tangu utotoni.

Wiki ya tatu, eleza njia mbili zinazotoka kidato cha nne. Ya kwanza hupitia kidato cha tano na cha sita: PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kwa anayeelekea uhandisi, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa udaktari na famasia, CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) kwa anayependa mazingira au lishe, pamoja na tahasusi nyingine ambazo zimeongezwa. Ya pili huingia moja kwa moja chuo cha kati au cha ufundi, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha au vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Iheshimu njia ya pili sawasawa na ya kwanza. Kwa binti ambaye nyumbani wanahitaji mshahara wake mapema, stashahada ya miaka mitatu inaweza kuwa ndiyo sayansi pekee itakayowezekana, na anaweza kuendelea na shahada baadaye.

Wiki ya nne na ya tano ni za mazungumzo ya mtu mmoja mmoja na wale walio kwenye orodha yako. Dakika kumi na tano zinatosha, mahali pa wazi panapoonekana na watu, na kama wewe ni mwalimu wa kiume awepo mwalimu wa kike karibu. Anza kwa kumwuliza anachokiona yeye kuwa kigumu, kisha unyamaze. Utasikia mambo ambayo hayamo kwenye ripoti: kwamba mwalimu wa Kemia huchapa, kwamba kaka amesema Hisabati si ya wanawake, kwamba rafiki yake anakwenda mkondo wa sanaa naye hataki kubaki peke yake. Kila sababu ina jibu lake. Hiyo ya rafiki huitatua kwa kuzungumza na marafiki wote wawili kwa pamoja, na nimewahi kuwapata wanafunzi watatu wa Fizikia kwa kumshawishi mmoja.

Wiki ya sita fomu ipelekwe nyumbani ikalale huko walau usiku mmoja, ikiambatana na barua fupi ya Kiswahili kwa mzazi inayoeleza kila mkondo unafungua nini. Fomu isijazwe darasani. Kama uongozi wa shule hauna utaratibu huo, omba uanzishwe. Gharama yake ni karatasi.

Hatua ya sita: nenda nyumbani

Nenda na mwenzako, ikiwezekana mlezi wa wasichana wa shule, na nenda jioni au siku isiyo ya gulio. Toa shikamoo kwa wakubwa, kaa unapokaribishwa, ulizia afya na shamba, na neno la kwanza kuhusu binti liwe la sifa ya kweli, lenye ushahidi: daftari lake, au alama iliyopanda. Mzazi aliyezoea kuitwa shuleni kwa ajili ya makosa husikiliza kwa namna tofauti kabisa anapofuatwa kwa ajili ya sifa.

Kisha omba kitu kimoja kinachopimika. Usiombe asaidiwe kusoma, kwa maana ombi hilo halina mwanzo wala mwisho. Omba saa moja na nusu, kuanzia saa moja jioni, ambapo hatatumwa, na mwulize mama au bibi anaona nani mwingine katika nyumba anaweza kuchota maji siku za vipindi vya jioni. Ukikutana na baba anayesema kwamba kumsomesha mtoto wa kike ni kumwagilia shamba la jirani, usibishane naye mbele ya familia yake. Mwonyeshe karatasi ya kazi zilizopo ndani ya wilaya yenu, mtaje mwanamke anayemfahamu anayefanya kazi zahanati au kwenye mradi wa maji, kisha uage na urudi siku nyingine.

Mambo ya fedha yazungumzwe wazi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, lakini sare, nauli, chakula na hosteli hubaki mzigo wa nyumba. Waambie pia kwamba Bodi ya Mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kukopesha hata baadhi ya fani za stashahada, na kwamba tangu 2022/2023 upo ufadhili wa Samia kwa waliofaulu kwa viwango vya juu masomo ya sayansi ya kidato cha sita. Wazazi wengi hukataa safari ya elimu kwa kuogopa gharama ambazo hawajawahi kuzipigia hesabu.

Kuhusu hedhi nitasema kwa ufupi kwa kuwa jambo ni rahisi: pawe na taulo za kike shuleni, maji chooni na mlango unaofungika, na msichana aliyekosa vipindi viwili vya Fizikia mwezi huo afidiwe bila kuulizwa sababu mbele za watu. Na kwa aliyepata mimba, waraka wa elimu wa Novemba 2021 unamruhusu kurejea baada ya kujifungua. Mfuate mwenyewe kabla hajaamini kwamba shule imemsahau.

Hatua ya saba: klabu inayotatua jambo la kijijini

Mfano bora ninaoujua katika Afrika Mashariki ni wa Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa Hisabati na Fizikia katika sekondari ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Shule ilikuwa na kompyuta moja ya mezani na intaneti dhaifu, na mwalimu mmoja alihudumia takriban wanafunzi 58. Yeye alilea klabu ya vipaji, akasaidia wanafunzi kukuza miradi yao ya sayansi, na siku za mapumziko akatembelea familia ambazo watoto wao, wakiwamo mabinti waliotarajiwa kuozwa, walikuwa karibu kuacha shule. Wanafunzi wake walitambuliwa na Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza kwa mradi wa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya mahali pao, na mwaka 2019 yeye mwenyewe akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya ualimu yenye thamani ya dola milioni moja. Naitaja habari hii kwa sababu ya mpangilio wake: tuzo ilikuja mwisho, ikitanguliwa na miaka ya vikao vya klabu na milango iliyobishwa.

Anza na wanafunzi kumi na wawili, walau wanane wakiwa wasichana, na mwenyekiti awe msichana. Mkutano wa kwanza wataje kero kumi za kijiji. Wa pili wachague moja inayoweza kupimwa kwa namba, kama kuni zinazotumika kwa siku, uchafu wa maji ya kisima au mahindi yanayobunguliwa na dumuzi. Wiki nne zinazofuata ni za kupima hali ilivyo kabla ya kubuni chochote. Walimu wengi huiruka sehemu hii, na bila vipimo vya mwanzo mradi hauwezi kuthibitisha kitu. Kisha wabuni, wajaribu, wapime tena, na wawasilishe mbele ya wazazi kwa Kiswahili kabla ya kuwasilisha kwa Kiingereza kwenye maonyesho ya sayansi, yakiwamo yale ya Young Scientists Tanzania, yaliyofungua milango kwa wanafunzi wengi wa shule za umma.

Pamoja na vifaa, wape sauti. Mradi wa Tuseme, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na baadaye kuenezwa na FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wanaotetea elimu ya wasichana, katika nchi nyingine za Afrika, ulitumia maigizo ili wasichana wenyewe wachambue yanayowakwamisha shuleni. Klabu ya sayansi inaweza kuazima mbinu hiyo: igizo la dakika kumi kuhusu maabara ambamo msichana haachiwi kifaa litawafanya walimu wajione bila kutajwa majina.

Unapomwalika mgeni, mtafute karibu. Habari za Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya aliyepata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, au za Profesa Esther Mwaikambo, daktari aliyeongoza kuanzishwa kwa chama cha madaktari wanawake wa Tanzania mwaka 1987, zinafaa kusimuliwa. Lakini mteknolojia wa maabara wa kituo cha afya cha kata, aliyesoma shule kama yao na aliyewahi kupata F ya Hisabati, atawagusa zaidi. Mwombe mapema azungumzie somo lililomsumbua, siku yake ya kazi kuanzia asubuhi, na jinsi alivyolipa karo.

Hatua ya nane: fuatilia hadi chuoni

Ukaguzi wa majina ufanyike mapema, wakati wa usajili wa kidato cha pili. Jina la cheti cha kuzaliwa, la usajili wa mitihani na la mzazi yakitofautiana hata kwa herufi, mwanafunzi atataabika baadaye kwenye mkopo, ambao hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Asiye na cheti aanze kukishughulikia kidato cha tatu.

Kati ya mtihani wa kidato cha nne na matokeo kuna miezi ambayo wasichana wengi hupelekwa mjini kufanya kazi za ndani au huchumbiwa. Chukua namba ya simu ya mtu mzima mmoja katika kila nyumba, na upige mara moja kwa mwezi. Matokeo yakitoka, wakusanye wote siku moja, mtazame machaguo yao ya tahasusi na vyuo, wabadilishe yanayopaswa kubadilishwa kabla ya dirisha kufungwa, na waombe chuo wakiwa hapo hapo kwenye simu yako kama hawana ya kwao.

Yote haya yaandikwe kwenye daftari moja gumu: orodha ya mwanzo wa mwaka, sababu walizokupa, nyumba ulizozitembelea, kila mmoja amefika wapi. Walimu huhamishwa, na daftari likibaki kwenye droo la meza iliyofungwa, binti wa kidato cha pili aliyeahidiwa mazungumzo mwezi Septemba hatayapata. Siku ya kuondoka mkabidhi daftari hilo mkononi mwalimu anayekupokea, kaa naye kwa saa moja mpitie jina moja baada ya jingine, na umtajie tarehe ya fomu.